Alama ya Kikombe kwenye Meza ya Mpishi

Simiyu, wewe na hao vijana wako wa Kanduyi, wekeni chini hicho kitambaa cha spiriti. Kiwekeni chini kwanza, ndio tuongee.

Picha uliyonitumia asubuhi nimeiangalia mpaka mke wangu akauliza kama kuna mtu amefariki. Umeandika: "Mzee, niaje. Hizi duara mbili nyeupe natoa na nini? Mteja ako na wageni Jumamosi, anataka ing'ae kabisa." Nimekujibu "Ngoja," na tangu hapo sijaketi. Nimezunguka hii nyumba yangu ya Kitale, nimeenda mpaka getini, nimerudi, nimekunywa chai nikiwa nimesimama. Hiyo ya kusimama si mpya. Nyinyi mliofanya kazi na mimi mnajua sijawahi kuweka kikombe juu ya meza, mkanipa jina Mzee Kikombe Mkononi mkidhani sisikii. Nilikuwa nasikia, bana. Leo nitawaambia kwa nini, na mkimaliza kusoma mtajua pia kwa nini hiyo meza haiguswi.

Kwanza, naijua. Igeuze. Ni ya duara, ina mguu mmoja wa katikati unaoishia kwa vidole vitatu, na kidole kimoja kina kiraka cha mvule ambacho rangi yake imezidi wekundu. Kiraka hicho nilikitia mimi. Rangi ilinishinda siku hiyo na mpaka leo inaniudhi.

Wengi wenu mmeingia kazi hii wakati watu wanatafuta vitu vya zamani kwa simu. Sisi tulikuwa tunavitafuta kwa baiskeli. Wazungu walipouza mashamba ya huku Trans-Nzoia waliacha meza ndogo ndogo kila mahali: za kuwekea taa, za kuwekea maua, za kuchezea karata, na zile za chai ambazo sisi tunaziita stuli. Nyingine waliwapa wafanyakazi, nyingine waliziacha tu kama walivyoacha mbwa. Baadaye wakaanza kuja watu wa kupamba nyumba na hoteli kutoka Nairobi, na wengine wanaokusanya vitu vikuukuu kwa mapenzi tu, na mimi nikawa mtu wa kuwatafutia na kuzifufua. Watu walidhani nimerukwa na akili. Mtu mzima, ana mke, anaingia boma la watu Kachibora kuuliza kama wana meza iliyovunjika.

Mama mmoja huko alikuwa ameifanya meza ya msaji, kazi safi kabisa, kuwa mlango wa kibanda cha kuku. Nikamwambia naitaka. Akanitazama. "Ukichukua hiyo, kuku watalala wapi?" Nikarudi kesho yake na mbao, nikamjengea kibanda kipya chenye bawaba na kufuli. Akakizunguka mara mbili, akatikisa kichwa, akaniuliza kama sitaki na kabati pia.

Aliyenifundisha ni Fundi Saidi, mzee wa Kitale mwenye mdomo mchungu na mikono ya dhahabu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Meza iulize chini kwanza." Juu kila mtu anapamba. Chini ndiko kuna ukweli: alama za msumeno wa mkono, skrubu yenye mfereji usiokaa katikati, harufu. Na kama ni ya duara, chukua uzi upime. Mti hupungua upana, haupungui urefu. Meza ya duara iliyokaa miaka sitini si duara tena, imebonyea kidogo upande mmoja. Ukipima ukakuta duara kamili, mwambie muuzaji asante kwa chai, wewe nenda zako.

Sikusikia haraka. Kuna wakati niliona wanunuzi wanapenda matundu ya dudu, wanasema ndiyo uzee wenyewe, nami nikachukua keke nikatoboa matundu kwenye meza ya juzi. Mama mmoja mpambaji akaja, akachomoa pini kwenye nywele zake, akaichomeka tundu moja. Ikaingia wima mpaka mwisho. Akachomeka lingine. Wima. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, hawa dudu wako wamesomea uhandisi?" Saidi alicheka mpaka akakalia ndoo. Dudu halisi hupinda, vijana. Na nyinyi mnaochapa meza kwa minyororo na kuzipaka majani ya chai ili zizeeke, najua mnafanya, acheni.

Neno la pili la Saidi ndilo sikulishika, na ndilo limeniletea haya yote. Alisema, "Muulize mwenyewe. Si aliyeileta, mwenyewe. Aliyempeleka mgonjwa hospitali si yeye anayeumwa."

Sasa, meza hiyo. Ililetwa kwangu na msichana wa Kachibora anaitwa Wangui. Siku hizo karakana yangu ilikuwa imeshika jina, nimeanza kujiona. Alikuja amebeba hiyo meza mapajani kwenye pikapu ya jirani, kidole kimoja cha mguu kimevunjika amekifunga kwenye gazeti. Wakwe watarajiwa wanakuja kutoka Chwele kuzungumza mahari, akasema, na ndiyo meza ya maana peke yake nyumbani kwao. "Na hii aibu," akasema, akifunua kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu yake, "nimeifunika na kitambaa tangu niwe mdogo. Itoe, Fundi. Aki nakuomba, ing'ae."

Aibu yenyewe ilikuwa duara jeupe la kikombe, karibu na ukingo. Polishi ya zamani, ile ya magamba ya shelaki yaliyoyeyushwa kwa spiriti, haiwezi moto. Ukiweka kikombe cha moto bila kisahani, inashika alama nyeupe. Simiyu, umeniuliza inatolewa na nini. Kitambaa safi, tone la spiriti, mkono mwepesi, dakika tatu. Umeona, sijakuficha ujuzi. Nakuomba tu usiutumie.

Mimi hata hizo dakika tatu sikuzitaka. Nilikuwa nimenunua vanishi mpya ya mkebe, ile ngumu, na nilikuwa naipaka kila kitu, nilikuwa karibu kumpaka paka wa jirani. Nikakwangua polishi yote ya zamani kwa kipande cha kioo. Nikapiga msasa. Nikatia kile kiraka. Nikapaka vanishi mara tatu, mpaka ungeweza kujinyoa ukijitazama humo. Sikuuliza duara lile ni la nani. Niliona doa, nikaona sifa yangu.

Jumamosi ya mahari niliipeleka mwenyewe. Nilikuta wageni wa Chwele wameshafika mapema, wameketi wamejaa kwenye viti, suti zimepigwa pasi, hakuna anayejua aanze na neno gani. Nikaiweka meza katikati, nikatoa blanketi. Wakasema aah. Na mimi, kwa sababu mdomo haukuwa na kazi nyingine, nikawaambia, "Hii hata mkiweka sufuria inatokota, haishiki alama. Ni vanishi ya kisasa." Mjomba wa bwana arusi akaigonga kwa kidole na kusema, "Huyu ni fundi." Nikavimba kichwa. Wangui, kwa mazoea, akatandika kile kitambaa chake juu ya meza.

Baba yake Wangui akaingia. Mzee Kariuki, mwembamba, koti kubwa kuliko yeye. Alisalimia wageni mmoja mmoja kwa mkono, vizuri kabisa, halafu akafika kwenye meza. Akainua kile kitambaa cha kufuma. Akapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, akarudia.

"Wangui," akasema. "Iko wapi?"

"Nini, Baba?"

"Alama yangu."

"Ile doa? Si fundi ameitoa, Baba. Angalia vile imekuwa poa."

Mzee hakugomba. Laiti angegomba. Alirudisha kitambaa, akakinyoosha, akatoka nje na kwenda jikoni, kile chumba cha moshi nyuma ya nyumba, na akatuma neno kwamba wazungumze wenyewe, yeye hayuko. Nyinyi ni watu wa huku, mnajua. Mahari haizungumzwi baba akiwa amejifungia jikoni. Wageni wakaanza kutazamana. Mjomba akakohoa, akasema labda ni siku mbaya, labda warudi wakati mwingine. Wangui alikuwa amesimama mlangoni na thamosi mkononi na machozi yanamtoka bila sauti. Vijana, nimeharibu vitu vingi maishani, lakini harusi ya mtu sikuwa nimewahi kuharibu.

Nikamfuata mzee jikoni. Nikamwambia pole, ni kosa langu, nitairudisha. Naweza kuweka alama kama ile, nikasema, nina ujuzi, hutajua tofauti.

Akaniangalia. "Utarudisha ya nani?"

Ndipo akaniambia. Alikuwa mpishi wa mzungu, kwenye shamba lililo upande ule wa mto. Kila asubuhi alipeleka chai sebuleni, aliweka kisahani kwanza, halafu kikombe, na mama wa nyumba alikuwa anatazama kisahani kuliko alivyomtazama yeye. Siku moja alisahau. Tone moja tu lilianguka. Aliambiwa asimame hapo mbele ya wageni, aipanguse, aipake nta, apanguse tena, mpaka wageni wakamaliza kunywa. "Mpishi haketi," akaniambia, "hata mguu ukiuma. Miaka yote hiyo nilijua meza ile kuliko mke wangu, na sikuwahi kuketi mbele yake." Walipouza shamba walimwachia meza kama zawadi ya kuagana. Aliibeba kichwani mpaka nyumbani. Akachemsha chai, akajaza kikombe chake cha bati, cha moto kabisa, akaketi, akakiweka. Bila kisahani. Akakiacha hapo makusudi mpaka chai ikapoa.

"Watu wengine wana bendera," akasema. "Mimi nilikuwa na hiyo."

Nilitazama moto tu. Mzee akainuka ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu. Akachota chai ikichemka, akajaza kikombe cha bati, mvuke unapanda, akatembea nacho mpaka sebuleni. Mimi nyuma yake. Wageni wakajisogeza. Akatoa kitambaa, akaweka kikombe juu ya meza, akasimama.

Tukangoja. Hata kuku nje walinyamaza, au mimi ndiye sikuwasikia. Moyoni nilikuwa naomba, vijana, nilikuwa naomba kazi yangu mwenyewe iharibike. Nilikuwa nimewaambia watu hao kwa mdomo wangu kwamba haishiki.

Akainua kikombe. Hakuna kitu. Safi, inang'aa, mwanga wa dirisha umo ndani yake.

"Hata meza imenikataa," Mzee Kariuki akasema, na akaketi. Halafu akanionyesha mlango. "Itoe hapa. Nitaongea na wageni wangu. Lakini hiyo itoe."

Niliibeba meza ile katikati ya wale watu wote, nikipitisha mguu wake juu ya magoti yao, samahani, samahani, na yule mjomba aliyeniita fundi akatazama dari. Wangui alinifungulia mlango bila kuniangalia. Walizungumza mahari siku hiyo juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa na kufunikwa kitambaa. Yalikwenda vizuri, baadaye nilisikia. Mimi sikusikia chochote njiani ila damu masikioni.

Sasa kazi. Kutoa vanishi ngumu kwenye meza ndogo bila kula mbao kulinichukua siku nne, na kucha mbili. Kisha shelaki, kwa njia ya Saidi: pamba iliyofungwa kwenye kitambaa cha shati kuukuu, tone la mafuta, unazungusha, unazungusha, husimami, maana ukisimama pamba inanata na umeharibu. Tabaka nyembamba, unaacha, unarudi kesho. Saidi alikuwa mzee sana wakati huo, alikuja akaketi pembeni kunitukana, na nilishukuru kwa kila tusi. Wiki tano. Wateja wangu wa Nairobi walikuja, wakaona meza, wakaitaka hata kabla haijakauka. Mmoja alisema sebule nzima ya hoteli angeipanga kuizunguka hiyo tu. Nikawaambia si yangu. Wakaongeza maneno matamu. Nikawaambia haina mguu mzuri, nikawaonyesha kiraka changu.

Nilipoirudisha Kachibora, Mzee Kariuki aliigeuza kwanza akaangalia chini. Nilitaka kumkumbatia. Akachemsha chai mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Tulikuwa watatu tu, yeye, mimi na Wangui. Akajaza kikombe cha bati, akavuta kiti, akaketi, akakiweka. Tukangoja chai ipoe, na hiyo ni subira kubwa mkiwa na kiu. Alipoinua, duara lilikuwa pale, jeupe, limekamilika.

Akalitazama sana.

"Si lile," akasema. "Lile niliweka na hasira. Hili hakuna hasira." Akacheka kidogo, akampa binti yake kikombe. "Weka chako."

"Baba, jamani, meza nzuri hivi!"

"Umeifunika maisha yako yote. Weka."

Wangui akaweka, akilia na kucheka pamoja. Ndiyo hiyo duara ya pili unayoiona kwenye picha, Simiyu. Imepinda kidogo kwa sababu mkono wake ulisogea.

Halafu mzee akanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama, kikombe mkononi, natafuta kisahani kwa macho.

"Na wewe, Fundi."

"Hapana, mzee. Fundi haweki alama kwenye kazi yake."

"Nani alisema?"

"Ndivyo ilivyo tu."

"Mimi pia niliambiwa ndivyo ilivyo. Mpishi haketi." Alisema bila ukali. "Nimekuangalia tangu siku ile. Unazunguka meza za watu, unazipapasa, huketi kwenye hata moja. Haya, sikulazimishi. Hapa katikati ya yangu na ya Wangui nitapaacha. Siku ukichoka kuzunguka, pako."

Nilikunywa chai yangu getini, nikiwa nimesimama, nikaondoka. Najua sababu niliyompa, lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Niliharibu kitu chake cha thamani kuliko vyote, halafu ananipa nafasi juu yake. Sikujua mtu anapokea vipi kitu kama hicho. Nikarudi kutafuta meza nyingine, na nyingine. Mzee alipofariki nilienda kuzika. Meza ilikuwa uani, juu yake Biblia na picha yake, na pale katikati ya zile alama mbili hakuna aliyekuwa ameweka kitu. Hata hapo sikuweka. Nikasema nina safari.

Basi ndiyo hiyo picha uliyonitumia asubuhi ya leo, kati ya makopo yenu ya rangi. Nikampigia Wangui, yuko Chwele huko, ni bibi wa watu sasa.

"Fundi! Kumbe bado uko?"

"Niko. Meza ya baba iko wapi?"

"Si iko hapa tu sebuleni." Nikasikia nyayo. Zikasimama. "Haiko. Woi! Ni huyu kijana wangu. Jumamosi wanakuja kumwomba dada yake, alikuwa anasema atanifanyia surprise!"

Nikamwambia iko kwako, Kanduyi. Kijana ameona doa, ameona wageni, amempenda mama yake, amebeba meza kwa fundi. Hakuna mbaya hapo. Ni yaleyale, neno kwa neno, na mimi nimekaa Kitale nikiwa na jibu la dakika tatu mfukoni.

"Fundi," Wangui akasema, "mwambie huyo mtu wako wa Kanduyi asiguse kitu. Kijana nitamweleza mimi, kumbe hatukuwahi kumweleza. Na pale pako bado papo. Kila nikipangusa napaona."

Kwa hivyo, Simiyu, usiguse. Angalia tu kidole cha mguu, kile kiraka, gundi yangu ya ngozi inaweza kuwa imelegea baada ya miaka hii. Kaza hiyo, na ukiweza nirekebishie ile rangi kabla sijafika, usinionee huruma. Kisha muweke hapo stuli ya kawaida karibu nayo, ya kuketia.

Nitakuwa Kanduyi kesho asubuhi. Nakuja na kikombe changu cha bati, na sijui kama mkono utakubali kukiachilia. Lakini nimechoka kuzunguka, mwanangu. Weka maji motoni.